Kati ya -nge- na -ngali-: Mururu na Historia Ambayo Haikutokea

Mwaka 1895 H. G. Wells alichapisha mjini London riwaya fupi kuhusu mtu aliyeunda mashine ya kusafiri katika wakati. Septemba ya mwaka huo huo Kigeli IV Rwabugiri, mfalme wa Rwanda aliyeishi maisha yake ya utawala vitani, alifariki akiwa katika msafara wa kwenda kupigana na Bushi, ng'ambo ya Ziwa Kivu. Mambo haya mawili hayahusiani ila kwa mwaka. Nimeyaweka pamoja kwa sababu riwaya ile ilieneza aina ya hadithi ambayo baadaye ilizaa swali linalopendwa sana: mtu akirudi nyuma na kubadili jambo moja, nini kitafuata? Nacho kifo cha mfalme yule kilifungua kipindi kifupi ambacho ndani yake historia ya kona yetu ya kusini-magharibi ya Rwanda ingaliweza kufuata njia nyingine kabisa. Mimi ni mzaliwa wa Mururu, wilaya ya Rusizi, kwenye mto unaotutenganisha na Kongo. Katika insha hii nauliza kama swali la wasimulizi wa hadithi linafaa kuulizwa na mwanafunzi wa historia, na kama linafaa, kwa masharti gani.

Wataalamu wengi wamelikataa. E. H. Carr, katika mihadhara yake ya mwaka 1961 juu ya maana ya historia, aliwacheka wanaokaa wakijadili yale ambayo yangaliweza kuwa. Kwake huo ulikuwa mchezo wa sebuleni. Wahenga wetu nao wanaonekana kumuunga mkono. Wanasema ningalijua huja nyuma, majuto ni mjukuu, na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Max Weber, miongo kadhaa kabla ya Carr, alionyesha kwamba hatuwezi kukwepa swali hilo. Alitoa mfano wa vita vya Marathon vya mwaka 490 kabla ya Kristo. Ukisema vita hivyo vilikuwa muhimu kwa historia ya Ugiriki, tayari umesema kimyakimya kwamba kama Waajemi wangalishinda, mambo yangalikuwa tofauti. Kila mara tunapoandika kwamba tukio A lilisababisha tukio B, tumekwisha kuwazia dunia isiyo na A. Tofauti ni kwamba wengine hukiri na wengine huficha.

Kiswahili kina namna yake ya kulieleza jambo hili. Tulifundishwa kwamba -nge- huonyesha sharti ambalo bado laweza kutimia: *ningepata nauli, ningekwenda Bukavu*. Na -ngali- huonyesha sharti ambalo mlango wake umekwisha kufungwa: *ningalipata nauli, ningalikwenda*. Katika mazungumzo ya siku hizi wengi wetu huvichanganya viambishi hivi, na baadhi ya walimu wamechoka kutusahihisha. Hata hivyo nadhani tofauti hiyo ina thamani kubwa kwa mwanahistoria. Mashine ya wakati ya wasimulizi si kitu kingine ila chombo cha kugeuza -ngali- iwe -nge-: lililofungwa hufunguliwa, na msafiri hupewa nafasi ya kuchagua tena.

Nini humpata msafiri huyo? Katika hadithi fupi ya Ray Bradbury ya mwaka 1952, mwindaji anakwenda zama za wanyama wakubwa wa kale, anakanyaga kipepeo mmoja, na akirudi anakuta uchaguzi wa nchi yake umekuwa na mshindi mwingine. Katika riwaya ya Stephen Fry ya mwaka 1996, watu wanafaulu kuzuia Adolf Hitler asizaliwe, lakini mahali pake anatokea kiongozi mwingine aliye hatari zaidi. Hadithi hizi mbili zinatoa majibu yanayopingana. Ya kwanza inasema kila kitu kinategemea jambo dogo. Ya pili inasema kuna nguvu kubwa zinazoendelea hata ukimwondoa mtu mmoja. Mwanafunzi wa historia hana ruhusa ya kuchagua jibu analolipenda. Lazima apime, tukio kwa tukio, lipi lilikuwa kipepeo na lipi lilikuwa mto.

Katika fasihi ya Kiswahili ninayoifahamu, safari ya namna hii huchukua sura nyingine. Dzombo katika *Walenisi* ya Katama Mkangi (1995) anasafiri angani hadi kwenye jamii nyingine, si wakati mwingine. Na katika *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed (2001), si mjukuu anayekwenda kwa babu; babu ndiye anayetoka kwa wafu na kuja kumwonyesha mjukuu hali aliyonayo. Yaliyopita ndiyo yanayotujia kutuhoji. Sisi hatuendi kuyarekebisha. Nitalirudia jambo hili mbele.

Sasa nije Mururu. Swali la kwanza: kwa nini Mururu iko Rwanda? Wengi watajibu kwamba mto Rusizi ndio mpaka, na mto ni mpaka wa asili. Jibu hilo si kweli. Mwaka 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipotangaza mipaka ya Dola Huru ya Kongo, mpaka wa upande huu haukufuata mto wala ziwa. Ulikuwa mstari ulionyooka, kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi mahali ambapo longitudo ya digrii 30 mashariki inakutana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Chukua ramani na rula, ndugu msomaji, uuchore mstari huo. Cyangugu, Kibuye na Gisenyi zote zinabaki upande wa Kongo, pamoja na Mururu. Walioutangaza walikuwa hawajaliona Ziwa Kivu. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika huko mwaka 1894, baada ya kukutana na Rwabugiri, na hapo ndipo Ujerumani ilipotambua kwamba mstari ule ulikuwa unaikatia ufalme mzima vipande viwili na kuinyima ziwa.

Kwa hiyo maofisa wa Dola Huru ya Kongo walipoweka kambi Shangi, kwenye ufuo wa Kivu kaskazini ya kwetu, mwaka 1896, kwa karatasi zao walikuwa nchini mwao. Kwa Wanyarwanda walikuwa wavamizi. Kambi hiyo haikudumu. Februari 1897 askari Waafrika wa msafara wa Francis Dhanis, waliokuwa wakipelekwa kaskazini kuelekea Nile, waliasi huko mbali, karibu na mpaka wa Sudani. Walichoshwa na safari, njaa na adhabu. Waasi waligeukia kusini, wakapigana kwa miaka kadhaa, na vita vyao vikaifikia Kivu na bonde la Rusizi, ambako dola ya Leopold ilipoteza nguvu. Mwaka 1898 Wajerumani walijaza pengo hilo na kukaa Shangi. Novemba 1899 maofisa wa pande mbili, Bethe wa Ujerumani na Hecq wa Kongo, walikubaliana kila upande ubaki hivyo hadi serikali zao zielewane. Mwaka 1910, mjini Brussels, serikali zilielewana: mpaka upite kati ya Ziwa Kivu na kufuata mto Rusizi. Kisiwa cha Idjwi, ambacho Rwabugiri alikuwa amekiteka, kilibaki Kongo. Mururu ilibaki Rwanda.

Hapa ndipo ninapomwona kipepeo. Askari wale walioasi hawakuwahi kuisikia Mururu, wala hawakupigana kwa ajili ya Rwanda. Kama wangalivumilia na kuendelea na safari yao ya Nile, kuna sababu nzuri za kuamini kwamba dola ya Leopold ingalibaki Shangi na ingaliketi mezani mwaka 1910 ikiwa imeikalia ardhi iliyoidai. Sisemi ingalipata yote, maana Ujerumani ilikuwa na hoja zake. Ila umiliki wa ardhi ulikuwa na uzito mkubwa katika mazungumzo ya wakati ule. Katika hali hiyo mimi ningalikuwa Mkongomani, au nisingalikuwapo kabisa. Bibi yangu mzaa baba alitoka ng'ambo ya mto, akaja kuolewa huku. Kama pande zote mbili zingalikuwa nchi moja, sijui kama njia za biashara na ndoa zilizomkutanisha na babu zingalipita palepale. Hata mitambo ya umeme ya Rusizi, wa kwanza ulioanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 na wa pili uliojengwa miaka ya 1980 kwa ushirika wa Rwanda, Burundi na nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, ni matunda ya mpaka huo. Maji ya mto yangaliteremka vilevile, lakini kusingalikuwa na haja ya nchi tatu kuketi pamoja kuyagawana.

Swali la pili linahusu vita vya Shangi vyenyewe. Baada ya Rwabugiri kufariki, alirithiwa na mwanawe Mibambwe IV Rutarindwa, aliyekuwa amekwisha kutawazwa kuwa mshiriki wa baba yake. Mama yake mzazi alikuwa amekufa, hivyo Rwabugiri alimpa Kanjogera nafasi ya mama wa mfalme, ingawa Kanjogera alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa kiume, Musinga. Mwaka 1896 jeshi la Rwanda lilipelekwa kuwafukuza Wabelgiji Shangi na likashindwa na bunduki. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Bisangwa, mmoja wa wakuu waliokuwa nguzo za mfalme mpya. Desemba ya mwaka huo, mahali panapoitwa Rucunshu, ndugu za Kanjogera wakiongozwa na Kabare walimpindua Rutarindwa, ambaye aliangamia ndani ya nyumba iliyoteketea kwa moto. Kijana Musinga akawa Yuhi V.

Ni rahisi kusema: Rwanda ingalishinda Shangi, Bisangwa angaliishi, Rucunshu isingalitokea, na wakoloni wasingaliingia. Sehemu ya kwanza ya sentensi hii ina nguvu. Bisangwa akiwa hai na jeshi lake likiwa zima, Kabare angalikuwa na kazi ngumu zaidi. Lakini sehemu ya mwisho haisimami, na hatuhitaji mashine ya wakati ili kulijua hilo. Inatosha kutazama majirani. Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Miaka mitatu baadaye Wajerumani walirudi wakaivunja ngome ya Kalenga, na mwaka 1898 Mkwawa alijiua akiwa anasakwa. Ushindi uliwapa Wahehe muda, haukuwapa uhuru. Upande wa pili kuna Adwa. Machi 1896, miezi michache tu kabla ya Shangi, Menelik II wa Ethiopia aliwashinda Waitalia, na nchi yake ikabaki huru. Lakini Menelik alikuwa amenunua bunduki kwa maelfu kwa miaka mingi, na alikuwa na mizinga. Jeshi la Rwanda lilikwenda Shangi likiwa na mikuki, pinde na ngao. Shangi ilikuwa karibu na Lugalo kuliko Adwa.

Nikiipima hivyo, nafikia hitimisho ambalo mwanzoni sikulipenda. Kushindwa Shangi kuliifundisha ikulu nguvu ya bunduki, na mapinduzi ya Rucunshu yaliwapa watawala wapya haja ya kutafuta mlinzi. Nahodha Ramsay wa Ujerumani alipofika Machi 1897, hakupigwa vita. Alipokewa, ingawa aliletewa mtu mwingine aliyejifanya kuwa mfalme. Kwa njia hiyo ufalme wa Rwanda ulipita kipindi cha Wajerumani ukiwa mzima, wakati ule wa Wahehe ulivunjwa. Shangi ingalikuwa ushindi, huenda Wajerumani wangaliijia Rwanda kama walivyoijia Kalenga. Huko kudumu kwa ufalme pia kulikuwa na gharama yake. Wabelgiji waliochukua nchi mwaka 1916 walitawala kupitia ikulu hiyohiyo, wakaipinda na kuigeuza walivyotaka, na Musinga alipokataa kupindika walimwondoa, Novemba 1931. Walimpeleka wapi? Kamembe, jirani yetu kabisa. Mfalme aliyepata kiti kwa sababu ya kushindwa kwa jeshi ziwani Kivu alikaa miaka tisa karibu na ziwa lilelile akiwa amefukuzwa, kisha mwaka 1940 akapelekwa Kongo, ambako alifariki mwaka 1944.

Kutokana na mifano hii naona masharti mawili ya kutumia -ngali- katika historia. La kwanza: badili jambo moja tu, tena lile ambalo wahusika wenyewe wangaliweza kulibadili. Askari wa Dhanis wangaliweza kutoasi. Jeshi la Bisangwa lisingaliweza kuwa na mizinga. La pili: ukishabadili, usiende mbali kuliko ushahidi wa matukio yanayofanana. Lugalo na Adwa zinaniruhusu kusema machache juu ya mwaka 1897. Haziniruhusu kusema lolote juu ya mwaka 1962.

Lakini kuna mwaka mmoja ambao kila Mnyarwanda akisikia habari za mashine ya wakati huufikiria kwanza, na itakuwa ni kukwepa nisipoutaja. Nawasikia vijana wenzangu wakiuliza: ungepewa safari moja, usingeenda 1994? Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu "kama" inaweza kutumika vibaya. Wapo wanaosema kwamba ndege ya Rais Habyarimana isingalitunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yasingalitokea. Sentensi hiyo inaonekana ni ya kisarufi tu, kumbe inabeba hoja: kwamba mauaji yalikuwa hasira ya ghafla. Ipime kwa masharti yale mawili. Iondoe ndege, kisha utazame kinachobaki. Wanamgambo walikuwa wamekwisha kupewa mafunzo. Silaha zilikuwa zimefichwa. Redio ilikuwa imekwisha kueneza chuki kwa miezi. Tarehe 11 Januari 1994, karibu miezi mitatu kabla ya ndege kuanguka, Jenerali Roméo Dallaire aliwapelekea wakubwa wake New York taarifa ya mtoa habari kuhusu maficho ya silaha na kuorodheshwa kwa Watutsi wa Kigali. Hayo yote hayakuletwa na ndege, na hayaondoki ukiiondoa.

Taarifa hiyo hiyo inatuonyesha matumizi bora ya swali letu. Dallaire aliomba kuyavamia maficho ya silaha, akakatazwa. Tarehe 21 Aprili, watu wakiwa wanauawa kila siku, Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi chake hadi watu wapatao 270. Kwetu leo hayo ni ya -ngali-. Lakini kwa waliokuwa mezani siku hiyo yalikuwa ya -nge-: mlango ulikuwa wazi, na walijua uko wazi. Kazi ya mwanahistoria, naona, ni kurudisha -nge- kwa watu waliokuwa nayo, ili isisemwe kwamba haikuwezekana kufanya lolote. Mahakama nazo hufikiri hivyo. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilipomhukumu mkubwa kwa makosa ya walio chini yake, iliuliza kama alikuwa na uwezo wa kuwazuia. Bila swali hilo hakuna anayewajibika, maana kila mmoja atasema historia ilimbeba.

Huku kwetu kuna mfano wa upande mwingine. Watutsi waliokuwa wamekimbilia uwanja wa Kamarampaka, mjini Cyangugu, walihamishiwa kambi ya Nyarushishi mwezi Mei 1994. Maelfu waliokoka hapo, na moja ya sababu ni kwamba kulikuwa na askari wa jandarmeri waliowazuia wanamgambo kabla ya Wafaransa kufika mwishoni mwa Juni. Uwanjani Kamarampaka kabla ya hapo, watu walikuwa wamechukuliwa na kuuawa mbele ya macho ya wenye silaha. Wilaya moja, miezi ileile, sare zilezile. Kama kila kitu kingalikuwa kimeandikwa, kusingalikuwa na tofauti kati ya mahali hapo pawili.

Nirudi kwa wanaotaka mashine. Siwalaumu kwa kutamani. Ila hadithi za kubadili historia husahau mara nyingi kwamba upande huu wa wakati nao una watu. Kuna akina mama waliopoteza watoto mwaka 1994 na baadaye wakazaa wengine, ambao leo ni wanafunzi wenzetu. Ukifuta, unafuta mpaka wapi? Sioni kama kuna mtu mwenye haki ya kumuuliza mama huyo swali hilo, hata kwa njia ya riwaya. Ndiyo maana naona Said Ahmed Mohamed aliichagua njia inayotufaa zaidi: babu aje atuhoji, tusiende sisi kumrekebisha.

Wahenga walisema pia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naikubali nusu ya pili. Nusu ya kwanza naitilia shaka, kwa sababu mganga asiyejua ugonjwa ulianza wapi atagawa dawa kwa kubahatisha. Swali la "ingalikuwaje" likiulizwa kwa masharti yake linatusaidia kutenganisha yaliyoletwa na bahati, yaliyoletwa na nguvu kubwa, na yaliyoletwa na watu waliochagua. Mpaka wa Mururu uliletwa kwa sehemu kubwa na bahati. Ukoloni uliletwa na nguvu ambazo ushindi mmoja usingalizizuia. Mauaji ya 1994 yaliletwa na watu waliochagua, pamoja na wengine waliochagua kutazama pembeni. Anayeyachanganya makundi haya matatu atasamehe pasipostahili msamaha, au atajivunia kitu ambacho hakukifanya. Maamuzi yanayofanywa leo pande zote mbili za Rusizi bado yako katika -nge-, na wanafunzi watakaotufuata ndio watakaoyaandika kwa -ngali-.